Ukungu wa Mlimani na Ukungu wa Ukutani



Kila mwaka mvua za masika zinapokwisha na mwezi wa Juni kuingia, salamu zitokazo kwa ndugu zetu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru huja na neno moja: watoto wana kifua. Mtoto mchana acheza na wenziwe bila ya taabu, lakini usiku wa manane na karibu na alfajiri kikohozi hakimpi usingizi. Pua yamvuja maji, macho yamwasha, na chafya hazina hesabu. Mama akiulizwa sababu, jibu li tayari: ni baridi ya huku. Basi dirisha hufungwa, upenyo wa mlango huzibwa kwa kitambaa, jiko la makaa huingizwa chumbani, na mtoto huongezwa blanketi la pili. Kunapokucha, kikohozi kimezidi.

Makala haya yana neno moja la kusema, nasi twalitanguliza ili msomaji ajue aendako. Katika nyumba nyingi za miji ya mlimani, baridi huhukumiwa kwa kosa la mwenziwe. Mkosaji mara nyingi ni kuvu, yaani ule ukungu unaoota katika unyevu wa nyumba iliyofungwa. Na ile dawa tuliyoizoea, ya kufunga na kufunga zaidi, ndiyo inayoilisha.

Jina moja, vitu viwili

Kiswahili chetu kimeviita vitu viwili kwa jina moja. Ukungu ni ule unaoshuka asubuhi ukafunika bonde hata mtu asimwone jirani yake. Na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate uliolala, juu ya kiatu kilichosahauliwa chini ya kitanda, na nyuma ya kabati lililosukumwa hadi ukutani. Huu wa pili wengine huuita kuvu, wengine koga, na siku hizi fangasi. Wazee waliovipa vitu hivi jina moja hawakuwa na hadubini, lakini jicho lao lilikuwa zuri, kwani unapokaa sana ule wa kwanza, wa pili hufuata.

Nyeri ni mahali ambapo hao wawili hukutana. Mji uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199 na safu ya milima ya Nyandarua. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Disemba. Katikati yake, Juni hadi Agosti, wingu zito hulala juu ya mji siku baada ya siku. Manyunyu hayaishi, jua huchungulia mchana likarudi, na usiku joto hushuka hata kufikia nyuzi 10 hivi. Embu na Meru, zilizo upande wa mlima unaopokea pepo za baharini, nazo zina mvua na unyevu wao. Nanyuki iko upande mkavu zaidi, na balaa yake kubwa ni vumbi la kiangazi.

Waislamu wa miji hii si wageni wa jana. Kituo cha serikali ya kikoloni kilipowekwa Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902, misafara ya zama zile ilikuwa na wapagazi, askari na wachuuzi Waislamu; wengine wakaoa huko, wakajenga, na leo mitaa ya Majengo katika miji ya mlimani ina wajukuu na vilembwe wao. Wengi wetu huku pwani tuna shangazi, mjomba au binti aliyeolewa huko, na wengine twawapeleka watoto wetu kwao kwa masomo. Kwa hiyo jambo hili ni la nyumba zetu sote.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: je, si huku kwetu kuna unyevu mwingi zaidi? Ni kweli. Lakini akumbuke gilasi ya maji ya barafu mezani wakati wa futari. Nje ya gilasi hutoka matone, na hakuna aliyeyamwaga. Ni mvuke uliomo katika hewa, umegusa kitu baridi ukageuka maji. Mvuke wa pwani hukuta ukuta wenye joto, dirisha lililo wazi na upepo wa bahari unaopita ndani, ukaenda zake. Mvuke wa nyumba ya Nyeri, usiku wa Julai, hukuta ukuta baridi na dirisha lililofungwa. Ukuta ule ndio gilasi, na matone hayo ndiyo yanayoinywesha kuvu.

Chembe zisizoonekana

Kuvu ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na havikuumbwa bure. Ndivyo vinavyoozesha majani yaliyoanguka msituni na kuyarudisha kuwa udongo. Hamira inayoumua mahamri yetu ni jamaa yao. Na mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, tabibu Alexander Fleming aliporudi kutoka likizo alikuta chembe ya kuvu iliyopeperuka imeanguka katika sahani yake ya vijidudu, na vijidudu vilivyokuwa kando yake vimekufa. Kutokana na kuvu ile tukapata penisilini, dawa iliyookoa roho zisizohesabika.

Lakini kuvu huzaana kwa chembe, mfano wa mbegu, na chembe hizo husafiri hewani. Nyingi zina upana wa kati ya maikromita 2 na 10, hali unywele wa mtu una maikromita 70 hivi. Kwa udogo huo hazionekani kwa macho, hubaki zikielea kwa muda mrefu, na baadhi yake hupita puani zikashuka hadi ndani ya mapafu. Wataalamu wanazijua kwa makabila yake. Kladosporiamu ndiyo iliyoenea zaidi katika hewa ya nje duniani. Alternaria hukaa juu ya mimea inayokauka. Aspergilasi na Penisilia hupenda ndani ya nyumba na katika ghala.

Makabila haya hayatoki kwa wakati mmoja. Yako yanayorusha chembe zake baada ya mvua, na katika saa za umande kabla ya mapambazuko. Yako mengine yanayongoja mchana mkavu wenye upepo. Ndiyo maana mtu mmoja hulalamika alfajiri wakati wa manyunyu, na mwingine hulalamika wakati wa mavuno, mahindi na maharage yanapopigwa, au ngano ya Timau inapovunwa na vumbi lake kusambaa. Wote wawili wasema kweli.

Mkulima wa Nyeri hahitaji kufundishwa kuwa kuvu ni adui. Ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza humu nchini mwaka 1922, na kutu ya majani ya kahawa nayo ni kuvu. Ukungu ukikaa siku tatu shambani, mkulima hushika bomba la dawa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akiona mabaka meusi nyuma ya kitanda cha mwanawe, huyapaka rangi au huyafunika kwa pazia. Mti wa kahawa umepata mtetezi, mtoto bado.

Mwili unapomkosea adui

Kila mmoja wetu anavuta chembe hizi, kila siku, na wengi hawadhuriki. Taabu humpata mwenye mzio. Mwili wake una askari kama miili mingine, lakini askari hao wameiona chembe isiyo na vita wakaidhania kuwa jeshi. Wanapoiona tena hupiga mbiu. Pua huvimba ndani na kutoa maji, macho huwasha, mirija ya pumzi hujikaza, ukuta wake huvimba, na makohozi mazito huziba njia iliyobaki. Hapo ndipo kifua hulia kama filimbi. Hali hii ikiwa puani huitwa mafua ya mzio, na ikiwa katika mirija ya pumzi huwa ni pumu. Watu wengi wana zote mbili.

Kwa hiyo mzazi aangalie dalili. Mafua ya kawaida huja na homa, hudumu siku chache yakaondoka. Mzio hauna homa. Hudumu wiki na miezi, hurudi kila mwaka msimu ule ule, huzidi usiku na katika chumba kimoja, na hupungua mtoto anapolala kwingine. Mtoto akienda likizo pwani akapona bila ya dawa, kisha akarudi Nyeri na kikohozi kikarudi siku ya tatu, nyumba yenyewe yafaa kuchunguzwa.

Wala tusipindukie mpaka. Si kila kikohozi ni kuvu. Wapo wanaodhurika kwa vumbi, kwa moshi wa kuni, kwa manyoya ya paka, kwa chavua ya maua, na kwa wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi katika magodoro na mazulia. Wadudu hao nao hupenda unyevu kama kuvu, kwa hiyo anayekausha chumba huwa ametupa jiwe moja akapata ndege wawili.

Waliyoyaona watafiti

Haya si maneno ya kudhani. Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Nairobi. Watafiti waliwachukua watoto 77 wenye pumu na wengine 77 wasio nayo, wote wa miaka 9 hadi 11, wakazikagua nyumba zao. Mambo matatu yakajitokeza kwa nguvu kwa upande wa wenye pumu: uharibifu wa unyevu mahali mtoto anapolala, zulia katika chumba chake, na moshi au hewa chafu ndani ya nyumba. Unyevu ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Uwezekano wa kuwa na pumu pamoja nao ulikuwa karibu mara 5.

Mwaka 1998 ukatoka uchunguzi mwingine, na huu ulifika mlangoni mwa Nyeri. Watoto zaidi ya 1,000 wa Nairobi na wa Murang'a, jirani wa kusini wa Nyeri, walikimbizwa kisha pumzi yao ikapimwa. Baada ya mbio, mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi na asilimia 13.2 ya wale wa Murang'a. Mji ulizidi, naam. Lakini hata huko mashambani, ambako twadhani hewa ni safi na kifua ni salama, zaidi ya mtoto 1 katika 10 pumzi yake ilibana.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009. Ndani yake hakuna kiwango kilichowekwa cha chembe ambacho chini yake mtu awe salama. Shauri lake ni jepesi kulifahamu: zuia unyevu usikae, na ukishaota kuvu uondoe. Shirika hilo limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo, ambako dawa haifiki au haitumiwi.

Mtoto wa Rochdale

Yuko mtoto mmoja Muislamu ambaye jina lake limeingia katika sheria ya nchi nyingine kwa sababu ya ukungu wa ukutani. Aliitwa Awaab Ishak, na wazazi wake walitoka Sudan wakakaa katika mji wa Rochdale, Uingereza, katika nyumba ya kupanga. Tangu mwaka 2017 baba yake alishtaki kuhusu kuvu iliyokuwa ikiota nyumbani. Aliambiwa apake rangi juu yake. Wasimamizi wakadhania kuwa chanzo ni desturi za familia hiyo, namna yao ya kuoga na kupika. Mwezi wa Disemba 2020 Awaab alifariki, akiwa ametimiza miaka 2 siku chache tu zilizopita. Novemba 2022 hakimu wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba sababu ni maradhi makali ya njia ya pumzi yaliyoletwa na kuishi muda mrefu katika kuvu ya nyumba ile. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayowalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia unyevu na kuvu ndani ya muda uliowekwa, na watu huiita Sheria ya Awaab. Mwenyezi Mungu amjaalie kuwa mwombezi wa wazazi wake.

Tumekitaja kisa hiki kwa ajili ya lile neno: apake rangi juu yake. Ni neno linalosemwa Nyeri, linalosemwa Nanyuki, na huku kwetu pia.

Nafaka iliyolowa

Imepokewa kwamba Mtume wetu Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta majimaji. Alimuuliza mwenye nafaka, naye akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamfahamisha kwamba iliyolowa ilipasa kuwekwa juu watu waione, na akamtenga na umma wake mwenye kughushi. Wanazuoni wameitumia hadithi hii katika kila biashara ambayo aibu ya kitu hufichwa chini ya uzuri wake.

Mwenye nyumba anayejua kuwa paa lake lavuja, akangoja kiangazi, akapaka rangi nyeupe juu ya mabaka meusi, kisha akampangisha mjane na wanawe, tofauti yake na mwuza nafaka ni ipi? Mvua si kosa la mtu. Ni rehema ya Mola. Kosa ni kuficha alipopita maji. Kodi ya nyumba ni mali ya halali ikiwa nyumba yakalika. Na kanuni kubwa ya sheria yetu, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, haikubagua baina ya sumu ya chupani na sumu ya ukutani.

Mpangaji naye ana haki na wajibu. Aseme mapema, kwa adabu, mbele ya shahidi ikibidi, na apige picha ya ukuta. Wala asiwe yeye ndiye anayemwaga maji ovyo, kisha akamlaumu mwenye nyumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja lililotoboka, likipuuzwa masika mawili, hugharimu dari nzima.

Cha kufanya nyumbani

Akina mama ndio wenye kuitawala hewa ya nyumba, basi maneno haya twayaelekeza kwao kwanza, na waume wawasaidie kwa mikono yao.

La kwanza ni kutafuta maji yatokapo. Kuvu haioti pakavu. Tazama paa, mfereji wa kupokea maji ya paa, bomba linalodondoka, na udongo uliorundikana nje ya ukuta hata maji ya mvua yakapanda ndani. Ukisafisha ukuta bila ya kukata maji, kuvu itarudi kabla ya mwezi kwisha.

La pili ni kuiacha nyumba ipumue. Hata katika baridi ya Julai, fungua madirisha yanayokabiliana kwa dakika chache asubuhi na tena adhuhuri jua likichomoza, wakati watoto wako nje au wamevaa sweta. Ukipika au ukichemsha maji ya kuogea, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa chumbani, mvuke usiingie vitandani. Wala jiko la makaa lisilale na watu. Mbali na moshi wake, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika nyumba iliyofungwa aila nzima yaweza kulala isiamke.

La tatu ni kukitenga kitanda na ukuta. Shubiri moja yatosha hewa kupita. Kabati nalo lisibanwe ukutani. Godoro lisilazwe sakafuni. Likiwa hakuna kitanda, liinuliwe kila asubuhi na kusimamishwa, na siku ya jua litolewe nje.

La nne ni nguo. Tunajua kuwa siku za manyunyu kanzu na buibui hazikauki, na hulazimu kuanikwa ndani. Zianikwe basi katika chumba kisicholaliwa, dirisha likiwa wazi. Nguo yenye unyevu isikunjwe ikatiwa sandukuni. Vivyo hivyo misahafu na vitabu vya zamani: visirundikwe kwenye kona baridi ya ukuta wa nje, bali viwekwe mahali pa juu penye hewa, na vifunguliwe vipigwe na hewa kavu kila siku ya jua.

La tano ni chakula. Magunia ya mahindi na maharage yasikae katika chumba cha kulala, na yasihifadhiwe kabla ya kukauka. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingiwa na kuvu ya jamii ya Aspergilasi yaliwaua watu 125 humu nchini, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sumu iliyokuwa ndani ya chakula. Punje iliyobadilika rangi haioshwi ikaliwa, wala haipewi kuku.

La sita ni kusafisha. Baka dogo ukutani husuguliwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. Anayesafisha azibe pua na mdomo kwa barakoa, avae glavu, na asiwe ndiye mwenye pumu. Watoto wakae nje. Usifagie kuvu kavu kwa ufagio, kwani utazirusha chembe hewani. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Ukitumia dawa ya klorini ya nguo nyeupe, usiichanganye kamwe na dawa ya choo wala na siki; mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Dari au zulia lililooza halisafishiki, liondolewe.

Msikiti na madrasa

Nyumba za Mwenyezi Mungu zina haki ya kwanza katika usafi. Katika miji ya mlimani misikiti mingi imetandikwa mazulia mazito, na mtu hutoka kutia udhu, miguu ikidondoka maji, akaingia moja kwa moja. Kisha mlango hufungwa baina ya swala na swala. Zulia hilo huwa shamba la kuvu, na paji la uso la mwenye kusujudu ndilo lililo karibu nalo kuliko kitu kingine. Kamati za misikiti ziweke vitambaa vya kukaushia miguu, zifungue madirisha baada ya kila swala, zitoe mazulia juani kwa zamu, na zisione aibu kurudi kwenye mikeka ya wazee wetu, ambayo hukunjwa, hukung'utwa na kukauka kwa saa moja.

Walimu wa madrasa nao waangalie. Mtoto anayepiga chafya tangu Alifu hadi Ye huenda si mtukutu. Huenda ameketi kando ya ukuta unaotoka jasho. Ahamishwe, na mzazi wake aambiwe.

Dawa, aibu na saumu

Mtume wetu aliulizwa na Mabedui kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili aende kituo cha afya. Apimwe kifua kikuu kwanza, kwani kipimo na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Na aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, kisha kikohozi kikarudi na kipimo kikaonyesha hana, amwambie daktari historia yake yote, kwa sababu kuvu ya Aspergilasi hupenda kukaa katika makovu ya mapafu.

Mwenye pumu hupewa inhela, ile pampu ndogo ya kuvutia dawa. Kwa kawaida ya buluu hufungua kifua kwa haraka, na ya kahawia hutuliza uvimbe polepole ikizuia shambulio lisije. Wengi hununua ya buluu peke yake wakaitegemea. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu hauwashauri watu kutegemea ya kufungua pekee, kwani huondoa dalili na kuuacha moto ukiwaka chini yake. Muulize daktari kuhusu ya kuzuia. Na mtoto ambaye midomo yake imebadilika rangi, au ambaye hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hapelekwi kesho. Hupelekwa saa hiyo hiyo.

Iko aibu ambayo yatupasa kuivunja. Baadhi ya wazazi humficha binti mwenye pumu, wakamnyima inhela mbele za watu, wakichelea kwamba posa hazitakuja. Wengine husema ni jini au hasadi. Kisomo ni baraka, nacho hakizuii tiba. Msomee mwanao, na dawa umpe. Kumwacha binti ahangaike na pumzi ili jirani asijue ni dhuluma, na amana haichungwi kwa dhuluma.

Na kuhusu Ramadhani, maswali ni mengi kila mwaka. Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana juu ya inhela. Wako waliosema haifunguzi, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Uthaymin. Wako wengine, wakishika kaida ya madhehebu yetu ya Kishafii kuhusu kitu kinachoingia ndani ya mwili kwa njia iliyo wazi, waliosema inafunguza na siku hiyo hulipwa. Kila mmoja amfuate mwanachuoni anayemwamini. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusu mtu aliyebanwa na pumzi aiache dawa hata aangamie. Aitumie palepale, suala la kulipa litakuja baadaye, akiwa hai. Na dawa ya kuzuia, ambayo mara nyingi huvutwa mara mbili kwa siku, daktari aweza kuipanga wakati wa futari na wa daku.

Ndugu zetu wa mlimani, na nyinyi wa pwani mlio na jamaa huko: kabla ya Ijumaa ijayo, vuteni kitanda cha mtoto kwa shubiri moja mtazame nyuma yake. Mkikuta pakavu, mshukuruni Mola. Mkikuta mabaka meusi, msiyapake rangi. Tafuteni maji yanakotoka, mfungue dirisha, na mwenye nyumba aitwe aone kwa macho yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayakunjue mapafu ya watoto wetu, awaponye wagonjwa wetu, na azijaalie nyumba zetu kuwa makazi ya utulivu na afya. Wabillahi tawfiq.